Watoto Tisa, Jibu Moja

Watoto tisa waliandika arobaini na saba. Wote tisa, na jibu halikuwa arobaini na saba. Jibu lilikuwa hamsini na tatu, na hata wenye macho mazima kwenye shule nyingine walilikosa, lakini kila mtu kwa njia yake: huyu sitini na tatu, huyu kumi, huyu kaacha wazi kabisa. Hawa tisa wa shule ya wasioona walifanya kosa moja. Ofisi ya mitihani haikuumiza kichwa. Barua ikatoka: watahiniwa tisa wamepeana majibu, mtihani wao wa hesabu umefutwa, majina yao hayataingia kwenye orodha ya wanaokwenda sekondari. Orodha inafungwa Ijumaa saa kumi jioni.

Mwalimu Mkuu wa shule hiyo, naye haoni, alisomewa barua na karani wake Jumatano asubuhi. Akamwambia airudie. Karani akairudia. Akamwambia airudie tena, karani akasema, "Mwalimu, hata nikiisoma mara mia itabaki hivi hivi." Jioni yake mwalimu alikuwa mlangoni kwa rafiki yake waliyesoma naye dawati moja, fimbo mkono huu, bahasha ya kaki mkono ule, shati limemganda mgongoni.

"Shemeji upo?" aliita. "Nimekuja na balaa, sijui niliweke wapi."

Shemeji yake ndiye watoto waliyemwita Bi Nukta. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa anakaa kwenye chumba cha chini cha Kituo cha Breli, anachukua mtihani wa wino, anauingiza kwenye kompyuta, halafu mashine inautoboa kwenye karatasi ngumu, nukta nukta, mtoto asome kwa vidole. Yeye anaona. Mumewe haoni, na mumewe ndiye alikuwa mkaguzi: hakuna ukurasa uliotoka kituoni kabla vidole vyake havijaupitia mstari kwa mstari. Bi Nukta alikuwa anazisoma nukta kwa macho, polepole, na karatasi iliyotobolewa pande mbili ilikuwa inamchanganya. Kwa hiyo walikuwa wanafanya kazi kama mikono miwili ya mtu mmoja. Mpaka mwaka huu. Mfumo mpya ulipokuja, Meneja alimwita mkaguzi ofisini, akamwambia mfumo unajikagua wenyewe, akampa barua ya shukrani kwa utumishi wake. Barua yenyewe ilikuwa ya wino.

Sasa mkaguzi alikuwa amekaa kwenye kochi la nyumbani kwake, redio mapajani, tangu asubuhi ya siku ya kazi, kama mtu aliyesahauliwa stendi.

"Hii ni ile nakala ya akiba," Mwalimu Mkuu alisema, akiipapasa bahasha. "Leo ndiyo nimeifungua. Mimi nimeshasoma. Sikwambii kitu. Soma wewe swali la kumi na tisa, nijue kama nimechanganyikiwa."

Mume alizima redio. Akaitandaza karatasi magotini, vidole vikashuka haraka, vikapunguza mwendo, vikasimama.

"Kokotoa eneo la kiwanja kilichoonyeshwa kwenye mchoro," alisoma. Akasogea mbele. "Maelezo ya mchoro. Mchoro unaonyesha kiwanja chenye umbo la pembe. Eneo lake ni mita za mraba arobaini na saba." Akarudisha kidole nyuma. "Nani kaandika hapa?"

"Wapi?" Bi Nukta alitoka jikoni na kisu mkononi. "Rudia."

Akarudia.

"Sijaandika hivyo! Mimi nimechora kiwanja, nimeweka mistari, nimeweka namba kwenye kila upande. Nimekichora mara tatu ndipo kikakaa sawa. Mchoro wangu uko wapi?"

"Hakuna mchoro, mke wangu. Kuna maneno tu."

"Geuza ukurasa."

"Nimegeuza. Hakuna."

Mwalimu Mkuu alicheka, kicheko kibaya. "Basi sijachanganyikiwa. Sasa niambieni, mtoto hana mchoro, hana kipimo hata kimoja, ana sentensi moja inayomwambia eneo ni arobaini na saba. Aandike nini? Aandike ua?"

Bi Nukta aliketi kwenye mkono wa kochi. Ikamjia. Siku ile ya kuuchapa mtihani alikuwa na kurasa mia tatu na kitu, mlinzi anagonga mlango anataka kufunga, na kwenye kona ya kioo cha kompyuta kikaruka kidirisha chenye nyota nyota: *Msaidizi ameboresha michoro yako sita.* Chini yake kitufe kimoja tu: *Sawa, asante.* Hakikuwepo cha kukataa. Alibonyeza. Alirudi kuutazama mtihani wake kwenye kioo, akauona upo vile vile na michoro yake yote sita, akatuma kwenye mashine ya kutoboa. Yale maneno Msaidizi, ile akili ya mfumo mpya, aliyaingiza njiani, kati ya kioo na karatasi.

"Michoro sita," alisema.

"Sita," Mwalimu Mkuu alisema. "Ile mingine mitano majibu yake yalikuwa sahihi. Wote tisa wakapata. Hiyo nayo wameiandika kwenye barua kuwa ni ushahidi wa wizi. Na kuna mwanafunzi wangu mmoja, binti mdogo kuliko wote, alinyoosha mkono akasema, 'Mwalimu, mbona jibu limo humu?' Msimamizi akamwambia nyamaza ufanye mtihani. Unajua wameandikaje? 'Mtahiniwa mmoja alijaribu kuwatajia wenzake jibu kwa sauti.'"

Mume aliikunja karatasi taratibu, akaitia kwenye bahasha.

"Ningekuwepo," alisema.

"Najua," mkewe alisema.

"Kurasa mia tatu. Siku mbili. Ningekuwepo."

"Nimesema najua! Unataka nipige magoti?"

Jikoni kitu kilianza kuungua, na hakuna aliyenyanyuka.

* * *

Alhamisi Bi Nukta aliingia kazini kabla ya watu wa usafi. Akafungua mfumo, akaenda kwenye mipangilio, akatafuta pa kumzimia Msaidizi. Alipekua kurasa kumi na moja. Mwisho akakuta swichi ndogo chini kabisa, karibu na yale maandishi ambayo hakuna mtu anayeyasoma. Akaibonyeza. Kikaruka kidirisha: *Msaidizi atapumzika kwa saa ishirini na nne.*

"Apumzike?" alikiambia kioo. "Nimesema afe!"

Alijaribu kurudisha mfumo wa zamani. Umefutwa. Alijaribu kuingiza mtihani mwingine bila mchoro, auchore baadaye kwa mkono. Msaidizi, ambaye alitakiwa awe amepumzika, akamwandikia: *Naona hapa panahitaji mchoro. Nimekuongezea.* Akapiga namba ya huduma kwa wateja. Ikaita mara moja tu, ikapokelewa na sauti tamu ya kike.

"Habari yako! Mimi ni Msaidizi. Nikusaidie nini leo?"

Bi Nukta aliiweka simu mezani, akaitazama vile mtu anavyomtazama nyoka. Halafu akainyanyua.

"Nataka kuongea na mtu."

"Nimekuelewa. Unataka kuongeza watumiaji wapya. Hongera!"

Alitukana. Mwanamke ambaye watu wa jengo zima hawajawahi kumsikia akipandisha sauti, alitoa tusi la sokoni, refu, lenye mama na bibi ndani yake. Ile sauti tamu ikamshukuru kwa maoni yake.

* * *

Ijumaa asubuhi walikwenda wote watatu kwa Meneja. Mlinzi alimzuia mume getini, mtu aliyepita geti hilo miaka kumi na miwili. Alimuuliza Bi Nukta, "Huyu mzee anakwenda kwa nani?" Mume akajibu, "Huyu mzee ana mdomo." Juu, katibu muhtasi akaleta kiti, akamuuliza tena Bi Nukta, "Atakaa?"

"Muulize mwenyewe," Bi Nukta alisema. "Hang'ati."

Meneja alikuwa kijana wa suti, si mtu mbaya wa sura, na ukutani nyuma yake palikuwa na picha anapeana mkono na watu wa mfumo. Aliwasikiliza huku akitikisa kichwa. Halafu akageuza kompyuta yake.

"Mimi hapa naona mtihani wenu," alisema. "Swali la kumi na tisa, huu hapa mchoro. Safi kabisa. Hakuna maelezo. Sasa maelezo mnayoyasema yako wapi?"

"Kwenye karatasi," Mwalimu Mkuu alisema. "Kwenye kioo hayapo. Soma karatasi."

Meneja aliichukua karatasi, akaigeuza upande huu na huu, akaipeleka dirishani. Ofisi yake inaitwa Kituo cha Breli na yeye hajui herufi moja ya breli. "Mimi naona vijidoa tu."

"Mimi nimesoma," mume alisema. "Na mwalimu kasoma."

"Kwa heshima zote, mzee. Mwalimu ni mtuhumiwa. Wewe ni mume wa mchapaji. Mimi nitawaambia nini watu wa mitihani? Kwamba mfumo wa kimataifa unaonyesha hivi, lakini kuna vidole vya mzee mmoja vinasema vile?"

Damu ilimpanda Bi Nukta mpaka masikioni. Lakini mumewe akasema kwa upole kabisa, "Basi tafuta vidole vingine. Humu ndani vipo."

"Humu ndani?"

"Ghorofa ya chini, nyuma ya ngazi. Anayekuunganishia simu zako kila siku, hujui kama haoni?"

Meneja hakujua. Miaka miwili ananyanyua simu, "Niunganishe na fulani," na hajawahi kushuka ngazi kumsalimia. Wakamwita. Dada wa Simu akapanda peke yake, mkono kwenye reli, mwanamke mnene mwenye marashi makali, akasimama mlangoni na kusema, "Shikamoo, Meneja. Leo sauti yako haina kikohozi."

Hawakumwambia kitu. Mume na Mwalimu Mkuu walitolewa nje, mlango ukafungwa wasije wakamkonyeza. Meneja mwenyewe alitumia neno hilo, kumkonyeza. Karatasi ikawekwa mezani. Dada wa Simu akaweka vidole vyake vifupi juu yake, akaanza kusoma kwa sauti ile ile ya kuunganisha simu.

"...Maelezo ya mchoro. Mchoro unaonyesha kiwanja chenye umbo la pembe. Eneo lake ni mita za mraba arobaini na saba. Hee! Mtihani gani huu wa kumpa mtu jibu? Niendelee? Swali la ishirini..."

"Basi," Meneja alisema. "Inatosha."

Alizungusha kalamu vidoleni. Bi Nukta akadhani yamekwisha. Akaanza hata kupumua.

"Sawa," Meneja alisema. "Nawaamini. Watoto hawakuiba. Lakini mimi siwezi kuandika kwamba mfumo umekosea. Tumesaini miaka mitatu. Waziri mwenyewe alikuja kuzindua. Nikiandika mfumo umekosea, wataniuliza nani aliondoa ukaguzi."

"Nani aliondoa?" Bi Nukta aliuliza.

Meneja aliivuta kompyuta karibu. Akaanza kuandika kwenye kompyuta, na Msaidizi akamsaidia, maana barua ilikuwa tayari kabla hajamaliza mstari wa pili. Akaitoa kwenye printa, karatasi nene ya ofisi yenye nembo.

*Mimi, mchapaji wa kituo, nakiri kwamba kwa uzembe wangu niliingiza majibu kwenye maswali sita ya mtihani wa hesabu. Watahiniwa hawahusiki.*

"Ukisaini hii, saa hizi napiga simu. Maswali sita yanaondolewa, yaliyobaki yanasahihishwa, watoto wanaingia kwenye orodha. Usiposaini, mimi sina la kuwaambia. Na sasa hivi ni saa tano."

"Na kazi yangu?"

"Utapumzika kidogo."

"Kwa saa ishirini na nne?" Bi Nukta aliuliza.

Meneja hakuelewa, na yeye hakumweleza.

* * *

Walisimama kwenye ngazi, wanne sasa, maana Dada wa Simu alikataa kurudi mezani kwake. Simu zilikuwa zinalia huko chini, anazisikiliza kama anasikiliza mvua.

"Usisaini, shemeji," Mwalimu Mkuu alisema. "Twende kwenye magazeti."

"Magazeti yatatoka kesho. Orodha inafungwa leo."

"Watakuandika mzembe maisha yako yote."

"Mwalimu, yule binti wako mdogo, ana miaka mingapi?"

"Kumi na mitatu."

"Akikosa mwaka huu?"

Mwalimu Mkuu aligonga ngazi kwa fimbo. Wote walijua. Akikosa anarudi nyumbani, anakalishwa uani, anatunza watoto wa dada zake mpaka azeeke.

"Na mimi sina usafi wote," Bi Nukta alisema. "Kile kitufe nilikibonyeza."

"Kilikuwa kimoja," mumewe alisema. "Kitufe kimoja si swali. Ni amri."

Dada wa Simu alisafisha koo. "Samahani, mimi si wa kikao. Hivi nyie kwa nini mnatumia hilo lidude? Mimi nyumbani natumia ile programu ya walimu. Waliitengeneza wenyewe, wasioona wenzetu, ya bure. Mbaya! Haina rangi, haina nyota, haikusalimii. Lakini ukiandika kiwanja inatoa kiwanja. Haina maoni."

"Inaweza kutoboa kwenye mashine?" Bi Nukta aliuliza.

"Mashine yoyote. Mimi natobolea nyimbo za kwaya. Na haitaki intaneti, kompyuta yangu nimeing'oa waya miaka mitatu sasa. Haijawahi kuboreshwa hata siku moja, ashukuriwe Mungu."

"Na michoro?"

"Michoro unafanya kwa mkono. Kile kigurudumu cha meno cha fundi cherehani, cha kupitishia alama kwenye kitambaa. Unaweka karatasi juu ya mpira, unapitisha, mstari unainuka."

Bi Nukta alimgeukia kwa hasira iliyokuwa inatafuta mtu. "Miaka yote hii! Kwa nini hamkusema?"

"Mama wee," Dada wa Simu alisema bila kukasirika. "Nani alituuliza?"

Hapo ndipo Mwalimu Mkuu alipoiegemeza fimbo yake kwenye reli na kusema kama anayepanga ratiba: shule ina mashine yake ya kutoboa, imefunikwa shuka stoo tangu kituo kilipowaambia kila kitu kitafanyika huku. Mitihani ya muhula ni ya shule, si ya Meneja. Vitabu vya kiada vya madarasa saba, vyote vinangoja. Mshahara wa shule ni mdogo, hadanganyi. Anataka mchapaji mmoja na mkaguzi mmoja, na hamchukui mmoja bila mwingine.

Mume wa Bi Nukta alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, lakini halikuwa tabasamu zuri. "Twende tukasaini," alisema. "Ila mimi niwe shahidi wako."

* * *

Meneja alifurahi mpaka akaagiza chai. Bi Nukta alisaini, kalamu ikatoboa karatasi kidogo mwishoni. Mumewe akasema barua ya kukiri bila shahidi haina nguvu, watu wa mitihani wataikataa.

"Wazo zuri, mzee. Dole gumba litatosha. Nikuletee wino?"

"Mimi nilisoma, Meneja. Nina sahihi yangu."

Alitoa kwenye mfuko wa shati kibao cha chuma chenye vidirisha vidogo, na sindano yenye kishikio cha mti. Akaigeuza barua, maana breli ya sindano huandikwa kwa nyuma, kutoka kulia kwenda kushoto, ili nukta ziinuke upande wa mbele. Akaibana kwenye kibao. Akaanza kutoboa: tk, tk, tk. Meneja aliangalia kwa dakika ya kwanza kama anaangalia mchezo. Dakika ya tatu akaangalia saa.

"Sahihi yako ndefu, mzee."

"Majina ya ukoo wetu marefu," mume alisema. Tk, tk. "Babu alikuwa na wake wengi."

Meneja akacheka kwa heshima. Sindano ilipofika mwisho, mzee aliitoa karatasi, akaipitisha kidole mara moja, akaisukuma mezani. Chini ya sahihi ya mkewe palikuwa na mistari mitano ya nukta. Meneja akavitazama vijidoa vile, akavipulizia kama vumbi, akachukua muhuri wa kituo na kuugonga pembeni yake, tarehe na kila kitu. Akatoa nakala ya barua kwa ajili ya faili lake, na akawatumia watu wa mitihani nyingine. Halafu, mbele yao, akapiga simu. Dada wa Simu, amesharudi mezani kwake, akamuunganisha. Saa sita kasoro dakika kumi majina tisa yalirudishwa kwenye orodha, yakisomwa simuni moja moja, na Mwalimu Mkuu aliyahesabu kwa vidole vyake, akataka la mwisho lirudiwe.

"Hii ya asili ni ya shule," Meneja alisema, akimpa barua. "Wazazi wakiuliza, waonyeshe. Wajue tatizo lilikuwa la mtumishi na limeshughulikiwa."

Mwalimu Mkuu aliipokea kwa mikono miwili. Kidole chake cha shahada kikashuka mpaka chini, kikaanza kutembea, taratibu, kwenye mstari wa kwanza, wa pili.

*Mke wangu hakuandika majibu. Mashine ya Meneja iliyaandika. Meneja alisomewa leo, akajua, akaogopa. Alinitoa mimi akaiweka hiyo mashine. Huu muhuri ni wake.*

Uso wa Mwalimu Mkuu haukusogea hata kope. Bi Nukta, ambaye nukta huzisoma kwa macho polepole, alikuwa amefika mstari wa tatu, akauma mdomo akaangalia dirishani.

"Imekamilika, mwalimu?" Meneja aliuliza.

"Imekamilika. Nina swali moja tu. Niiweke kwenye faili, au niibandike?"

"Ibandike, kwa nini usiibandike? Sisi hatufichi kitu."

"Hapo umesema," Mwalimu Mkuu alisema, akitafuta fimbo yake. "Nitaibandika koridoni, Meneja. Usawa wa mikono."